Kigoma kwa Baiskeli: Njia Tatu, Mizigo Mitatu

Simama Mwandiga asubuhi, pale barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kidahwe, uangalie baiskeli zinavyoshuka kutoka milimani. Hii imebeba mikungu mitatu ya ndizi, ile magunia mawili ya mkaa yaliyokazwa kwa mpira wa tyubu, na nyingine madumu ya mawese ya lita ishirini ishirini. Breki zilikufa siku nyingi. Mwendeshaji anashusha mguu na kukandamiza kandambili kwenye tairi la nyuma mpaka harufu ya mpira isikike. Akifika tambarare anapiga kengele mara moja, anaendelea na safari ya sokoni.

Huyo ndiye mwenye barabara. Wewe unayekuja na baiskeli nyepesi ya gia, kofia ngumu kichwani na chupa mbili za maji, ni mgeni wake. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, mengine yote ya mwongozo huu ni mepesi.

Hapa kuna njia tatu, zote zikianzia au kuishia Kigoma mjini, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Nimezipanga kwa mizigo, kwa sababu mkoa huu ulijengwa na watu waliobeba vitu: samaki na mawese, chumvi, kahawa. Ukijua kilichokuwa kinapita barabarani, utajua pia kwa nini vijiji viko pale vilipo, wapi pana chakula na wapi pana mlima.

Majira na saa

Msimu wako ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Lami hupitika mwaka mzima, lakini mvua ya Kigoma huja na radi, na kwenye miteremko maji hutandaza udongo mwekundu juu ya lami. Kwa tairi nyembamba, hapo ni sawa na kukanyaga sabuni.

Wageni kutoka Dar es Salaam au Mombasa husahau jambo moja. Kigoma iko magharibi kabisa mwa Tanzania, lakini inatumia saa ileile ya pwani. Jua lake huchomoza takriban dakika arobaini baada ya Dar es Salaam. Mwezi Julai utasubiri hadi saa moja imepita ndipo ulione, na jua la utosi halifiki saa sita bali saa saba mchana. Kwa hiyo ratiba yako ya pwani isogeze mbele. Ondoka saa moja asubuhi, maliza sehemu ngumu kabla ya saa sita, pumzika kivulini hadi saa tisa na nusu. Ulichokosa alfajiri utalipwa jioni, maana mwanga hubaki mpaka karibu saa moja usiku.

Kiangazi pia kina upepo wake, unaovuma kutoka kusini-mashariki. Ukiendesha kuelekea Uvinza utaupokea usoni. Ukirudi utakusukuma mgongoni. Kumbuka hilo tukifika kwenye njia ya chumvi.

Baiskeli na vifaa

Huhitaji baiskeli ya bei kubwa. Unahitaji tairi zinazovumilia kingo za lami zilizoliwa na kokoto za matengenezo. Upana wa milimita 28 ndio wa chini kabisa, na 32 ni bora zaidi. Nyuma weka sproketi yenye meno 32 au 34. Mlima wa Manyovu utakufanya ushukuru.

Mafundi wa baiskeli hawakosekani Kigoma. Kila kituo cha biashara kina mmoja chini ya mwembe, mwenye beseni la maji la kutafutia pancha, gundi na vipande vya tyubu kuukuu. Atakunyooshea rimu iliyopinda kwa macho tu, bila kipimo. Asichokuwa nacho ni vipuri vya baiskeli za mbio, kwa kuwa kazi yake ni Phoenix na baiskeli za gia za kawaida. Hivyo beba mwenyewe tyubu mbili za saizi yako, viraka, pampu, kiungo cha ziada cha mnyororo, waya wa breki na waya wa gia. Breki za waya zinafaa kuliko za mafuta, kwa sababu waya ukikatika fundi yeyote ataujua.

Maji: chupa mbili kwenye baiskeli zinatosha njia ya kwanza. Kwa Uvinza na Manyovu ongeza lita moja na nusu mgongoni. Chukua pia pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, zile za duka la dawa. Kitambulisho usikisahau. Huu ni mkoa wa mpakani, na vizuizi vya polisi na uhamiaji ni jambo la kawaida.

Njia ya kwanza: samaki na mawese (Kigoma hadi Ujiji na Kibirizi)

Hii ni ya siku ya kwanza, ya kuzoesha miguu na pua. Kigoma hadi Ujiji haizidi kilomita 10 kwa lami. Ukirudi na kuongeza Kibirizi utapata kama kilomita 25 kwa jumla. Nusu siku inatosha, lakini usiiharakishe.

Anzia stesheni. Jengo hili la Wajerumani ndilo mwisho wa Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914. Kwa reli hiyo vilikuja vipande vya meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaunganishwa upya hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isitekwe, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiopoa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ukiwa stesheni, bandari iko karibu mno, ichungulie.

Kutoka hapo panda kuelekea Mwanga, kata ya masoko, kisha shika barabara ya Ujiji. Bodaboda na daladala ni nyingi. Kaa kushoto, lakini usijibanze ukingoni kabisa. Lami imeliwa sehemu nyingine, na ukiyumba utamgonga mwenye mkokoteni.

Ujiji ni mji mkongwe kuliko Kigoma. Hapa ndipo misafara kutoka Bagamoyo na Tabora ilipomalizia mwendo wa nchi kavu, na ndipo mitumbwi ilipovusha watu na bidhaa kwenda ng'ambo ya Congo. Pembe na watumwa walipita hapa, na lugha hii unayoisoma ilipita pamoja nao kuelekea magharibi. Ndiyo maana utakuta wazee wa Kimanyema ambao mababu zao walitoka ng'ambo ya ziwa, na majina ya koo zenye nasaba hadi Oman. Mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Ujiji imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya Urithi wa Dunia, pamoja na vituo vingine vya njia hiyo ya misafara kama Bagamoyo, Mpwapwa na Kwihara.

Fika kwenye makumbusho ya Livingstone, panapotajwa kuwa ndipo mmisionari huyo alipokutana na mwandishi Stanley mwaka 1871. Utashangaa kuona maji yako mbali. Sababu ni ziwa lenyewe. Miaka michache baada ya mkutano huo lilijaa, likaubomoa mlango wa Mto Lukuga upande wa Congo, ambao ndio mto pekee unaotoa maji yake, kisha likashuka mita kadhaa. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na bado hupanda na kushuka kadiri linavyotaka. Miaka ya karibuni limepanda tena na kumeza nyumba za ufukweni. Kabla hujashika kijia chochote cha pembeni mwa maji, uliza kama bado kipo.

Rudi mjini, ushuke Kibirizi, mwalo wa kaskazini, panapoanikwa dagaa na panapoegeshwa mitumbwi ya kwenda Hifadhi ya Gombe. Gombe yenyewe haina barabara. Baiskeli iache mjini. Kwa chakula cha mchana tafuta mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo. Mafuta mekundu yatakayobaki vidoleni ndiyo mawese.

Ujiji ni mji wa Waislamu wengi na wa watu wenye staha. Kaptula ya kubana ya mwendesha baiskeli ivalie bukta juu, au funga kikoi unaposhuka. Shikamoo isikutoke kwa mkato. Wazee wa barazani wanangoja uisimamie.

Njia ya pili: chumvi (Uvinza hadi Kigoma)

Hii ndiyo njia bora kuliko zote, na watu wengi huiendesha kinyume. Ramani inakuambia uanzie Kigoma uende Uvinza, kama kilomita 105 za lami. Usiifuate. Panda basi mchana na baiskeli yako hadi Uvinza, ulale huko, asubuhi uendeshe kurudi ziwani. Upepo utakuwa mgongoni, na kwa kuwa Uvinza iko juu ya usawa wa ziwa, kwa jumla unashuka. Zaidi ya hayo, ndiyo njia iliyofuatwa na misafara: toka mashariki, vuka mito, kisha siku ya mwisho ziwa linatokeza mbele yako lote kwa mara moja. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliingia kwa upande huo Februari 1858.

Kuhusu basi: elewana na kondakta nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani, na gia ya nyuma ifunge kwa kanga kuukuu. Treni ya Reli ya Kati nayo husimama Uvinza, lakini ratiba hubadilika; ulizia stesheni ya Kigoma siku mbili kabla.

Uvinza ni mji wa chumvi. Karibu na pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua hapo mwaka 1967 waligundua kuwa watu walikuwa wakiyachemsha tangu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Chumvi hii ilikuwa kama fedha. Ilinunua majembe, vyakula na haki ya kupita. Wajerumani nao waliona faida yake, wakajenga kiwanda mwanzoni mwa karne ya 20 na kupaita mahali hapo Gottorp. Fika hapo, lakini omba ruhusa kabla ya kuingia eneo la kazi au kupiga picha.

Malagarasi, wa pili kwa urefu nchini Tanzania, ni mto wa heshima zake. Mabwawa na mbuga zake za maji, Malagarasi–Muyovozi, ndizo zilizokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Mto huu una mamba na viboko. Joto likikuzidi, oga gesti.

Asubuhi ondoka na maji yote unayoweza kubeba. Vipande vya kwanza ni vya misitu ya miombo na vijiji vilivyo mbali mbali. Mbung'o wanaweza kukufuata. Hupenda kitu kinachotembea na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa fulana ya rangi hafifu ya mchanga. Kazuramimba ni mahali pazuri pa chai ya pili: maandazi, mihogo ya kuchoma, ndizi mbivu na stesheni ya reli iwapo miguu imegoma. Kidahwe barabara ya Kasulu inaingia kutoka kaskazini na malori huongezeka. Ukishavuka bonde la Luiche, lenye mpunga na michikichi, umeingia uwanja wa nyumbani. Kilichobaki ni vilima vya mwisho vya kuingia mjini.

Neno moja juu ya nchi hii. Misafara ililipa ushuru kwa watemi ili ipite, na ushuru huo uliitwa hongo, zamani kabla neno halijaharibika. Mwaka 1871 Stanley alichoka kulipa hongo za Uha, nchi ya Waha, akaamua kuwatorosha watu wake usiku kwa kupita porini. Wewe usimuige. Usiendeshe usiku kwenye barabara hii, hata kama taa yako ni kali. Lori lililozimika bila alama, ng'ombe aliyelala juu ya lami yenye joto na mlevi asiye na taa, wote hawaonekani mpaka umewafikia.

Mwenye siku mbili zaidi anaweza kuchepuka Kidahwe kwenda Kasulu, zaidi ya kilomita 60 za kupanda. Huko ndiko nchi ya Heru, iliyotawaliwa wakati wa ukoloni na Mwami Theresa Ntare, mmoja wa machifu wanawake wachache wa Tanganyika. Mbele ya Kasulu, kuelekea Kibondo, usiende kabla ya kuulizia polisi hali ya njia.

Njia ya tatu: kahawa (Kigoma hadi Manyovu)

Sasa mlima. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu, mpakani na Burundi, ni kilomita 60 za lami. Ongeza kipande cha kutoka mjini, iwe kama 70. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Nchi ya kahawa ya Kalinzi iko karibu mara mbili ya hapo. Na barabara haipandi kwa adabu. Inapanda, inashuka bondeni, inapanda tena, kana kwamba imesahau kitu.

Siri ni kuanza polepole mno. Saa ya kwanza uweze kuongea bila kuhema, ukishindwa, punguza. Tumia gia nyepesi kabla mlima haujaanza, si katikati yake, maana mnyororo uliokazwa ukibadilishwa ghafla hukatika. Kadiri unavyopanda, hewa inapoa, michikichi inapungua na migomba inashika nafasi, na chini ya migomba ndiyo mibuni. Kahawa ya Kalinzi imewahi kuuzwa hadi Marekani. Wakati wa mavuno, katikati ya mwaka, utaona buni zimeanikwa kwenye vichanja, na wakulima hawakatai maswali ikiwa umewaamkia kwanza. Kwa Kiha asubuhi wanasema "Mwakeye". Ukilisema hilo, watoto watacheka matamshi yako, wazazi wao watakuvutia kigoda.

Kalinzi panafaa kuwa mwisho wa safari kwa mwendeshaji wa kawaida. Kunywa chai, kula, geuza. Anayefika Manyovu alale huko au arudi kwa gari. Mpaka upo, lakini usivuke "kidogo tu" bila karatasi zako kugongwa muhuri. Soko la ng'ambo halina thamani ya siku nzima ofisini kwa uhamiaji.

Kushuka ndiko kuna hatari kuliko kupanda. Kamata breki kwa vipindi, ya mbele na ya nyuma kwa kupokezana, usizing'ang'anie mfululizo. Rimu zikipata moto tyubu hupasuka. Vijijini kuna matuta, na mengine hayana rangi wala kibao. Kwenye kona, mchukulie kila anayetoka upande wa pili kuwa ni lori lililotanua, na kila baiskeli iliyo mbele yako kuwa haina breki, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo.

Adabu za barabara

Basi likipiga honi nyuma yako halikutukani. Linakuambia linapita, na litapita. Shuka kwenye bega la barabara mapema, si dakika ya mwisho. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga hata mchana. Kioo kidogo cha pembeni kitakusaidia kuliko kifaa chochote cha kupima mapigo ya moyo.

Usimpige picha mtu akiwa na mzigo bila kumwomba. Usigawe peremende kwa watoto wanaokukimbilia, utawafundisha kukimbilia magari. Nunua ndizi kwa mama yao badala yake. Gesti yoyote utakayolala, hakikisha chandarua hakina tundu. Malaria ya Kigoma haijali afya yako ya michezo.

Na mwenye mzigo mpishe. Wewe una gia na breki, yeye ana kilo themanini na kandambili. Akishuka, mwachie lami yote. Ukimkuta mlimani akisukuma madumu yake, jasho likimtiririka, teremka, laza baiskeli yako pembeni, shika keria yake, msukume naye mpaka juu. Baiskeli yako utairudia. Hukuwa na haraka yoyote.